Feni Mbili za Kupanda Sekenke

Siku tuliyomzika baba yangu, mtani wake alivaa koti la marehemu, akachukua birika la mama kutoka jikoni, akazunguka nalo uwanja mzima wa msiba akilimwagia maji gari ambalo halikuwepo. "Shiiiii!" alipuliza kwa meno. Akafungua boneti ya hewa, akaruka nyuma kama mtu aliyeungua, akajipepea kwa kofia, akamwaga tena. Watu waliokuwa wakilia tangu alfajiri walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo za turubai. Mama yangu naye alicheka huku machozi yakimtiririka, akafungua fundo la kanga akamtunza noti. Ndivyo ilivyo kwetu. Kazi ya mtani msibani ni kumwigiza marehemu ili wafiwa wapumue, na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, aibu inakurudia wewe.

Nilicheka kwa meno tu. Moyoni nilisema: mzee wewe, nitakupandisha Mlima Sekenke kwa gari hilo hilo la baba, saa sita mchana, na hutaona mvuke hata wa kikombe cha chai.

Mzee huyo alikuwa mtani wa baba kwa ukoo, utani waliourithi kwa babu zao, na kwangu mimi ni mjomba wa mume wangu. Kwa hiyo alinishika pande zote mbili: kama mtani siwezi kumkasirikia, kama mkwe siwezi kumjibu. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na lori, na alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko ng'ombe na lori. Hadithi yenyewe ilikuwa harusi yangu.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, huko bondeni upande wa Shelui. Mgeni mmoja aliyekuja kupima miamba alipomaliza kazi yake aliuza gari lake kabla ya kurudi kwao: gari jekundu la milango miwili, boneti ndefu kuliko mahali pa kukaa watu, la aina ile ya kushindania mbio, la zamani hata wakati huo. Baba akauza ng'ombe, akalinunua. Ukoo ulidhani amerogwa. Ng'ombe huzaa, wakamwambia, hilo litazaa nini? Baba hakubishana na mtu. Aliliosha kila Jumamosi na mimi nikiwa nimekaa ndani, miguu haijafika chini, na kila mara aliniambia maneno yale yale: "Wewe nitakutoa kwa gari hili."

Alimaanisha siku ya harusi. Alimaanisha aniendeshe mwenyewe mpaka kanisani, anishike mkono mbele ya watu, anikabidhi. Baba hakuwa mtu wa kutaka mengi. Hilo alilitaka.

Basi siku ikafika. Kanisa lilikuwa Misigiri, juu ya mlima, kwao bwana harusi. Msafara wao ulishuka asubuhi na lori la mjomba kuja kunichukua, na kama desturi ilivyo, watani wao hawakukubali bibi harusi atoke bure. Wengine huficha funguo, wengine hulala mlangoni, mpaka upande wa mke utoe kitu cha kukomboa. Mjomba alifungua boneti ya gari la baba, akachomoa mfuniko wa rejeta, akautia mfukoni, akaketi juu ya ndoo akakunja nne. "Leo hatoki mtu," akasema. Vigelegele. Baba akatoa jogoo. Mjomba akamtazama jogoo kama mtu aliyetukanwa, akataka beberu. Baba akatoa beberu. Hapo mjomba akainuka, akachomoa mfuniko mfukoni, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe, akaipiga boneti kofi. "Haya, nendeni!"

Tulipofika kona ya pili kutoka juu, gari lilichemsha. Wakati ule barabara ilikuwa ya changarawe, na jua la saa sita kwenye mlima ule halina huruma. Kwanza harufu, halafu mvuke mweupe ukatufunika mimi na shela langu, halafu injini ikazima. Baba aliteremka na suti yake mpya, akafungua boneti, maji ya rangi ya kutu yakamrukia kifuani. Lori la mjomba lilikuwa nyuma yetu. Mchungaji alikuwa ametuambia mapema kwamba ana ndoa nyingine siku hiyo na hatasubiri mtu. Baba alilijua hilo. Akanitazama, akamtazama mjomba, akafuta mikono kwa leso.

"Tangulieni," alisema. "Mimi nasubiri injini ipoe."

Walinipandisha kwenye lori, juu ya magunia. Kanisani mchungaji aliuliza nani anamtoa bibi harusi huyu, na mjomba akajibu, "Mimi." Akanishika mkono. Alinuka dizeli. Tulipokuwa tunatembea katikati ya viti aliwapungia watu kushoto na kulia, kama mgombea. Baba alifika tukiwa tumeshatoka nje kupiga picha. Yumo kwenye picha moja tu ya harusi yangu, pembeni, doa la kutu limemshuka kifuani, leso bado mkononi.

Kwa miaka ishirini na moja mjomba aliisimulia siku ile. Ubatizo wa watoto wangu aliisimulia. Krismasi, kipaimara, hata kikao cha kupatanisha watu wengine kabisa. "Huyu nimemtoa mimi! Babake alikuwa mlimani anachemsha chai." Gari akalipa jina, Birika, na jina likamganda baba: Baba Birika. Watoto wangu wamekua wakijua babu yao ni mtu wa kuchekwa. Na baba alicheka pamoja nao. Hapo ndipo paliponiuma kuliko pote. Alicheka, akashika kikombe chake cha chai, na akitoka hapo alikwenda nyumbani moja kwa moja.

Hakuliendesha tena barabarani. Alilifunika turubai nyuma ya nyumba. Jumapili baada ya ibada alilifunua, akafungua boneti, akatazama, akaliwasha dakika chache, akalizima, akafunika.

Baada ya arobaini mama alinipa ufunguo bila kuulizwa. Nililipandisha gari kwenye lori mpaka Singida mjini, ninakoishi. Mume wangu alinikuta uani nimelizunguka na tochi ya simu, akajua kilichomo kichwani mwangu maana ananijua. "Mama watoto," alisema, "mtani ni mtani. Achana naye."

"Nimeachana naye miaka ishirini na moja," nikamjibu. "Umeona faida?"

Mimi ni fundi friji. Watu husikia hivyo wakadhani kazi yangu ni baridi. Kazi yangu ni joto. Friji halitengenezi baridi. Linachukua joto ndani na kulitupa nje, na likishindwa kulitupa, linakufa. Gari nalo ni hivyo hivyo. Nilipoinama ndani ya boneti ile siku ya kwanza nilielewa mambo upesi kuliko nilivyotegemea. Feni yake ya asili ilizungushwa na mkanda wa injini. Injini ikikimbia, feni inakimbia. Injini ikipungua, feni inazubaa. Ukibanwa nyuma ya lori mlimani, gari linatambaa, upepo wa mbele haupo, moto ndani unazidi, na ndipo feni nayo inaleta uvivu. Ni sawa na mhudumu anayekuja mbio wakati huna njaa. Feni ya umeme haijui mlima wala tambarare. Ukiipa umeme inazunguka kwa kasi ile ile, hata gari likiwa limesimama.

Nilipata mbili kwa wauza skrepa, kutoka gari dogo lililopinduka, nyembamba kiasi cha kupita kati ya rejeta na injini baada ya kuiondoa ile ya zamani. Wapo mafundi ambao wangezifunga kwa kamba za plastiki zilizopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta, kazi ya nusu saa. Mtikisiko wa barabara ukigeuza kamba hizo kuwa msumeno, rejeta inatoboka. Mimi nilikata mabati ya alumini ya friji lililokufa, nikatengeneza fremu, nikafunga kwa bolti na mipira. Sikuwa na haraka. Hasira yangu ilikuwa na miaka ishirini na moja, ingeweza kusubiri bolti.

Umeme niliuvuta kutoka betri kwa waya mnene, fyuzi karibu na betri, halafu relei ya kubeba umeme mkubwa, kwa sababu swichi ya kawaida ingeyeyuka kwa mzigo ule. Sensa ya joto nikaiweka kwenye bomba la maji ya juu, ili feni ziwake zenyewe injini inapopanda moto. Alteneta ya zamani, inayochaji betri, haikuweza: feni zikiwaka, taa zilififia kama mishumaa. Nikarudi kwa wauza skrepa kuchukua ya gari lile lile lililopinduka, nikaibana kwa vipande vya chuma mpaka mkanda ukanyooka.

Nilikosea mara moja, na kosa lilitokana na kuongea. Nilifunga nyaya za feni huku namsema mjomba kwa sauti, peke yangu, uani, nikimwambia yote ambayo mkwe hamwambii mjomba wa mumewe. Nilipowasha, zilivuma vizuri sana. Nikachomoa uzi kwenye pindo la kanga, nikauning'iniza mbele ya wavu wa gari. Uzi ukarushwa nje. Nilikuwa nimegeuza nyaya, feni zinasukuma joto mbele badala ya kuvuta hewa ndani. Barabarani zingekuwa zinapigana na upepo, na gari lingechemsha vibaya kuliko siku ya harusi. Nikabadilisha nyaya, mara hii nimefunga mdomo. Uzi ukanata kwenye wavu.

Rejeta yenyewe ilikuwa imeziba ukoko mweupe. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Tazama ndani ya birika lolote la chai hapa mjini utauona ukoko huo huo. Niliulegeza kwa siki na maji ya moto siku tatu, nikasuuza, nikajaza maji ya mvua ya kwenye tangi. Nilidhani nimemaliza.

Nikalijaribu mpaka Ikungi, siku ya mnada, jua limesimama. Mshale wa joto ulikaa chini ya nusu safari nzima. Nikaanza kuimba. Nilipoegesha karibu na mnada na kuzima, maji yakaanza kububujika mdomoni mwa rejeta, yakachuruzika mpaka mchangani. Mshale ulikuwa sawa, feni zilikuwa sawa, na maji yanatapika. Watu walianza kunizunguka, na nilisikia mmoja akiuliza kama natoa chai ya tangawizi au ya rangi. Niliona giza.

Mchomelea rejeta mmoja, mzee mwenye kibanda hapo, alisubiri lipoe, akafungua mfuniko, akaingiza kidole kwenye shingo ya rejeta.

"Mama, mfuniko huu si wa gari hili," alisema. "Mdomo unalingana, lakini mguu wake mfupi. Unafunga juu tu, huku ndani haugusi. Hapa hakuna presha. Umefunika sufuria kwa karatasi."

Presha naijua mimi, ndiyo inayonilisha. Maji yakibanwa, huchelewa kuchemka. Yakiachiwa, huchemka mapema na kukimbia. Niliuchukua mfuniko nikaupangusa kwa kanga. Juu yake, chini ya kutu, palikuwa na alama iliyochorwa kwa msumari: mistari miwili na nukta katikati. Alama hiyo naijua tangu niolewe. Iko kwenye mapaja ya ng'ombe wa mjomba. Iko kwenye kigoda chake, kwenye mpini wa jembe lake, kwenye jeki ya lori lake. Mzee yule hana kitu asichokitia chapa.

Nilikaa chini, pale pale kwenye matope ya maji ya rejeta. Bila shaka siku ile ya harusi alikuwa na mifuniko miwili mfukoni, wa lori lake aliloliongezea maji baada ya kushuka, na wetu aliounyakua kwa utani. Akapokea beberu wetu, akatoa mfuniko wake. Wa kwetu ukaenda na lori. Aliyemchemshia baba gari ni yule yule aliyeniambia miaka yote kwamba baba yangu hajui gari.

Halafu nikakumbuka Jumapili. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Alifungua boneti ile kila wiki, akatazama. Aliuona. Hakuna namna ambayo hakuuona. Akauacha pale pale, akaenda kwenye sherehe, akacheka. Kama angesema, utani ungegeuka kesi, na kesi ingekuwa kati ya kwetu na nyumba niliyoolewa. Nililielewa hilo vizuri kabisa, na bado nilimkasirikia. Nilirudi Singida na hasira mbili.

Nilitafuta mfuniko wa mguu mrefu, nikaufunga, nikarudia safari ya Ikungi. Halikutoka tone. Huenda mfuniko peke yake ungetosha tangu mwanzo. Feni zangu nilizipenda hata hivyo. Sikuzifunga kwa ajili ya injini.

Mwaka ulipotimia tulipanga kujengea kaburi na kuweka msalaba wa saruji. Mtani lazima awepo. Nikampigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mkamwana. Nasikia umelifufua Birika."

"Nitakupitia asubuhi, tushuke pamoja."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nije na maji?"

"Njoo nayo, mjomba."

Nilimkuta Misigiri kando ya barabara, suti ya kijivu, kofia, na birika mkononi limejaa mpaka mdomoni. Alijikunja kuingia, akalalamika kwamba kiti kipo chini kama shimo la choo, akaliweka birika mapajani kwa heshima zote. Mteremko wote alisimulia. Nilimwacha. Tulipofika chini kabisa, badala ya kuendelea nyumbani, niligeuza gari nikaanza kupanda tena.

"Tumesahau nini?"

"Hatujasahau, mjomba. Tazama mshale huo."

Aliutazama kona moja. Halafu, nasema kweli, akalala. Alikuwa ameamka mapema, upepo ulikuwa mzuri, na gari halikuwa na cha kumtisha. Nilipanda Mlima Sekenke na kisasi changu kinakoroma pembeni. Juu nikakanyaga breki kwa nguvu, maji ya birika yakamwagika mapajani mwake, akaruka.

"Tumefika?"

"Tumepanda."

"Tumepanda wapi?" Akatazama nje, akafuta suruali. "Mimi sijaona kitu. Siwezi kuwaambia watu kitu ambacho sikukiona."

Sikubishana. Nikageuza nikashuka mpaka chini tena, nikageuza, nikapanda mara ya pili. Ilikuwa karibu saa sita. Nikatafuta lori zito nikajibana nyuma yake kwa makusudi, tukatambaa. Safari hii alikuwa macho kabisa. Mshale ukasogea. Alishika mlango. Halafu feni zikawaka, vuuu, zote mbili, na mshale ukasimama pale pale kama uliokemewa. Barabara sasa ni ya lami na kona zimenyooshwa, lakini mahali petu ninapajua. Nikaegesha pembeni, injini inaunguruma, nikafungua boneti.

"Teremka mjomba. Mwaga maji."

Alisimama mbele ya gari na birika lake. Alichungulia. Hapakuwa na mvuke. Akatoa kitambaa kufuta jasho, feni zikakivuta kutoka vidoleni mwake, kikanata kwenye wavu. Alikitazama kitambaa chake muda mrefu.

"Lami," alisema mwisho. "Kwenye lami hata baiskeli inapanda."

Hapo ndipo nilipofungua mkoba, nikamwekea mfuniko kiganjani, alama ikiwa juu. Malori mawili yalipita. Mzee aligusa ile mistari miwili kwa kidole gumba, na nikauona uso wake ukizeeka mbele yangu.

"Nilijua jioni ile ile," alisema. "Nilifungua lori kuongeza maji, nikakuta mfuniko wa mguu mrefu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaanza kuwachekesha watu." Aliugeuza mfuniko kiganjani. "Ningesema nini, mkamwana? Kwamba utani wangu umemnyima mtu kumtoa mwanawe? Nikacheka kabla hawajauliza. Ukishaanza kucheka huwezi kuacha, watu watajiuliza kwa nini umeacha." Halafu akauliza lile nililokuwa nalisubiri. "Babako alijua?"

"Alikuwa anafungua boneti hii kila Jumapili."

Aliketi kwenye ukingo wa barabara na suruali yake yenye maji. "Na alikuwa anacheka pamoja nami," alisema.

Kama mtu angeniuliza kabla ya hapo, ningesema nikimwona hivyo nitaridhika. Sikuridhika hata kidogo. Nilichukua mfuniko, nikachukua birika, nikalitupa nyuma ya viti. "Leo utasema," nikamwambia. "Pale kaburini, watu wote wakisikia. Bila birika." Akaitika kwa kichwa, mnyonge, na njia nzima ya kushuka hakuchezesha mdomo.

Ibada ikaisha, msalaba ukawekwa, watu wakala. Kisha wakaanza kumwita mtani, wakipiga makofi. Alisimama karibu na saruji mbichi, kofia mkononi. Akasema: jamani, gari la marehemu halikuwa bovu. Mimi ndiye niliyebadilisha mfuniko, kwa uzembe wangu, nikamrudishia wa lori langu. Mimi ndiye niliyemchemshia gari. Marehemu alijua, akanistahi.

Halafu uwanja ukalipuka kwa kicheko. Hawakuwahi kusikia mpya kama hiyo: mtani anajisingizia mwenyewe! "Sitanii," akasema, na wakacheka zaidi, maana hakuna mtani aliyewahi kuanza bila neno hilo. Akaapa. Wakashikana mabega. Ndipo mzee akaanza kulia, kilio cha kweli, mabega yakimtikisika, na mama mmoja aliyekuwa mbele akapaza sauti, "Oneni anavyomwiga marehemu alivyolia mlimani!" Mtu akakimbia jikoni, akaleta birika la mama, akamtia mkononi.

Mzee alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeketi benchi la mbele karibu na mama, mkoba mapajani, na mfuniko ndani yake. Nilichotakiwa ni kusimama tu na kuuinua. Chapa ile kila mtu pale anaijua. Mimi ni binti wa marehemu, wasingenicheka mimi. Jina la baba lingesafishwa saa ile ile, juu ya kaburi lake, mbele ya wote waliomwita Baba Birika, na watoto wangu wakiwemo. Kwa ajili ya hilo nilikuwa nimekata mabati na kumwaga siki mwaka mzima.

Lakini niliutazama uso wa mzee katikati ya kicheko kile, anasema kweli na watu wanacheka, na nikajua ndio uso aliokuwa nao baba nyuma ya kikombe chake cha chai. Nilitaka kuuangalia kidogo zaidi. Kidogo tu. Nikabana zipu ya mkoba.

"Cheka basi," mama aliniambia, akinisukuma kwa kiwiko. "Mtani hakasirikiwi."

Nikacheka.

Jioni watu walipoanza kupanda lori la kurudi Misigiri, alinifuata kwenye gari. Nilikuwa nimefungua boneti, ingawa halikuhitaji kufunguliwa. Macho yake yalikuwa mekundu na suruali imekauka na kuacha doa.

"Mkamwana," alisema, "mbona hukusimama?"

Sikumgeukia. "Tangulia, mjomba," nilimwambia. "Mimi nasubiri injini ipoe."